Mzee Huyu Anataka Nini? Wazee katika Tanzia za Ugiriki ya Kale

Wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, na majirani mlioacha shughuli za jioni mkaja kusikiliza habari za jukwaa la miaka 2400 iliyopita, karibuni na asanteni.

Nimefundisha maigizo kwa miaka mingi, na kila mwaka naanza na zoezi lile lile. Namwita kijana mbele ya darasa, namwambia, "Igiza mzee." Hakuna anayesita. Papo hapo mgongo unapinda, mkono mmoja unashika kiuno, mwingine unatafuta fimbo, na fimbo ikikosekana ufagio unafaa. Kisha anakohoa. Darasa zima linacheka. Nikimuuliza, "Huyo mzee wako anataka nini?" kijana ananyamaza. Hajafikiria kwamba anataka kitu. Ameigiza mgongo, mtu mwenyewe amemwacha nje.

Swali hilo ndilo nililokuja nalo leo. Kwa mhusika mwingine yeyote hatusahau kuliuliza. Mchumba anataka kuoa, mwizi anataka mali, mfalme anataka kiti chake. Tukifika kwa mzee tunampa methali mbili aziseme, au tunampa kikohozi watu wacheke, halafu tunaendelea na vijana. Mimi nimeishi na tanzia za Wagiriki, yaani michezo yao ya huzuni, tangu nilipomsoma Sophocles kwa Kiswahili, katika tafsiri ya Samuel Mushi iitwayo Mfalme Edipode, na kinachonirudisha kwao ni hiki: washairi wale hawakuacha kumuuliza mzee anataka nini. Majibu waliyoyapata si yote ya kufurahisha.

Tuingie kwanza ukumbini, kwa ufupi. Ni Athens, karne ya 5 KK. Kila mwaka majira ya machipuko mji unafanya sikukuu ya mungu Dionysus, na watu wanakaa kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis, mchana kweupe, kuwatazama washairi wakishindana. Washairi wa tanzia ambao tamthilia zao nzima zimetufikia ni Aeschylus, Sophocles na Euripides. Waigizaji wote ni wanaume, na wanavaa vinyago vinavyofunika kichwa kizima, nywele zikiwa zimeshikizwa humo humo. Kinyago cha mzee kina mvi. Hakikunji uso wala hakidondoshi chozi, kwa hiyo kila kitu lazima kitoke katika sauti, mwili na maneno. Waigizaji wanaosema ni watatu tu. Mtu mmoja anaweza kutoka akiwa binti na kurudi akiwa babu. Kando yao kuna korasi, kundi la watu 12, baadaye 15, raia waliofanyishwa mazoezi ya kuimba na kucheza kwa pamoja.

Naomba hilo la kucheza mlishike. Korasi kadhaa ni za wazee. Wanaingia wakiimba kwamba magoti yamelegea, kwamba fimbo ndiyo mguu wao wa tatu, na wimbo huo wanauimba huku wanacheza.

Sisi tuna msemo: penye wazee haliharibiki neno. Mwaka 458 KK Aeschylus alileta jukwaani mchezo uitwao Agamemnon, na humo wazee wapo tangu mwanzo hadi mwisho, na neno linaharibika mbele yao. Ni wazee wa mji wa Argos. Vita vya Troy vimedumu miaka kumi, na jeshi lilipoondoka wao waliachwa, maana hata wakati ule walikuwa wamekwisha kuzeeka. Wanaume waliokaa ukumbini walilielewa jambo hilo bila kuelezwa. Raia wa Athens aliweza kuitwa vitani mpaka afike miaka 59. Baada ya hapo anabaki na kuwatazama wengine wakiondoka. Wazee wa Argos wanasema, nawatafsiria kwa maneno yangu: uzee uliopitiliza, majani yake yamekwisha kunyauka, unakwenda kwa miguu mitatu, hauna nguvu kumzidi mtoto, unatangatanga kama ndoto iliyotokea mchana.

Ndoto iliyotokea mchana. Wazee wangu, nimewahi kukaa na maneno hayo wiki nzima. Ndoto ya usiku ina mahali pake, mtu akiamka anaisimulia. Ya mchana inapita katikati ya watu walio macho, wana kazi zao, na hakuna anayesimama kuitazama. Lakini mistari michache baadaye wazee hao hao wanasema bado wanayo haki ya kusimulia, kwa sababu nguvu ya wimbo miungu bado inawapulizia. Neno "bado" ndilo linalobeba korasi nzima.

Mfalme Agamemnon anarudi kutoka vitani, anaingia ndani kwake. Mara sauti inatoka nyuma ya mlango: nimepigwa, pigo la kifo! Kisha tena: nimepigwa mara ya pili! Wazee wako hatua chache tu kutoka hapo. Na korasi iliyokuwa ikiimba kwa kinywa kimoja inakatika vipande kumi na viwili. Wanasema mmoja mmoja, kila mmoja mistari miwili. Mmoja anasema tupige mbiu, raia waje. Mwingine, tuingie sasa hivi, tuwakute upanga bado unachuruzika damu. Mwingine anasema tunapoteza muda, wenzetu mikono yao hailali. Mwingine hajui atoe shauri gani. Mwingine anakumbusha kwamba maneno hayafufui maiti. Mwingine anasema afadhali kufa kuliko kuishi chini ya udhalimu. Na mwingine, kwa utulivu wa mjumbe wa kikao, anauliza: tuna ushahidi gani kwamba amekufa, isipokuwa hiyo sauti? Wanakubaliana kwamba kwanza wapate uhakika. Mlango unafunguka. Clytemnestra, mke wa mfalme, amesimama juu ya maiti mbili, ya mfalme na ya Cassandra, mateka aliyeletwa na mfalme kutoka Troy.

Wapo wanaolifanya tukio hili liwe la kuchekesha: wazee wanagongana, wanazunguka, hawaamui. Kwa maoni yangu huko ni kulipoteza. Yeyote aliyewahi kusikia mayowe kwa jirani usiku, akasimama nyuma ya mlango wake mkono ukiwa kwenye komeo, anajua dakika ile inavyokwenda. Wazee wa Argos wanataka kuingia. Wanataka pia kuishi. Miaka kumi wameona aibu ya kuachwa nyuma, na leo vita vimewafuata mlangoni, na miguu haiendi. Aeschylus hawalaumu kwa sauti kubwa. Anawapa mistari miwili kila mmoja ili tusikie kwamba korasi ni watu kumi na wawili, kila mmoja na hofu yake. Na kabla mchezo haujaisha anawapa nafasi nyingine. Aegisthus, aliyeshirikiana na malkia, anawatishia kwamba minyororo na njaa ni waganga wazuri, hata uzee vinaufundisha adabu. Wazee hawanyamazi. Wanamtukana, wanamwita mwoga, wako tayari kwa upanga, mpaka Clytemnestra mwenyewe anaingia kati kuwatuliza. Wamechelewa, lakini wamesimama.

Sasa Euripides, ambaye wazee wake wananigusa zaidi kuliko wa mshairi mwingine yeyote. Ana mchezo kuhusu watoto wa shujaa Heracles waliofiwa na baba na kufukuzwa kila mji. Anayewalinda ni Iolaus, aliyekuwa mwenzi wa Heracles ujanani na sasa ni mkongwe. Vita vinatangazwa, na Iolaus anasema anakwenda. Mtumishi anamwambia waziwazi kwamba nguvu za zamani hazipo. Iolaus haoni sababu ya kubaki. Silaha zinatolewa hekaluni mwa Zeus, na kwa kuwa hawezi kuzivaa na kutembea nazo, mtumishi anazibeba. Iolaus anaomba apewe mkuki tu mkononi, na ashikiliwe kiwiko cha kushoto. Mtumishi anauliza: hivi mpiganaji naye wa kuongozwa kama mtoto?

Hapa pia kuna wanaocheka. Mimi siwezi, na nitawaambia kwa nini. Marehemu baba yangu, mwaka wake wa mwisho, asubuhi moja alisema anakwenda kupalilia mihogo. Tulimkataza, akavaa viatu. Nikachukua jembe, akanishika bega, tukaenda mwendo wa kupumzika kila baada ya mwembe mmoja. Tulipokaribia mahali ambapo watu huwa wamekaa, akasimama. Akanyoosha mkono, akasema, "Lete jembe langu." Akaliweka begani mwenyewe, tukapita, akasalimiwa, akaitikia. Tulipovuka akanirudishia bila neno. Nilipokuja kuisoma sehemu ya Iolaus na mkuki wake, sikuhitaji mtu wa kunieleza. Tunapita, tunasalimiwa, tunarudisha jembe.

Katika mchezo, Iolaus anafika vitani na muujiza unatokea: anaomba arudishiwe ujana kwa siku moja tu, anaupata, na anamkamata adui. Habari hiyo inaletwa na mjumbe, sisi hatuioni. Tulichokiona kwa macho ni yule wa kwanza, aliyeshikiliwa kiwiko. Nadhani Euripides alijua ni yupi wa kumweka jukwaani na ni yupi wa kumwacha kwenye habari.

Lakini asije mtu akaondoka hapa akidhani kila mzee wa Euripides ni wa kuliliwa. Mwaka 438 KK alileta Alcestis. Admetus amepangiwa kufa, na ameruhusiwa kutafuta mtu wa kufa badala yake. Baba na mama wamekataa, mke wake amekubali. Wakati wa mazishi baba mtu, Pheres, anakuja na sanda na mapambo ya maiti. Mwana anamfokea mbele ya jeneza la mkewe: wazee ni waongo, kila siku wanaomba kufa, wanalalamikia uzee na urefu wa maisha, kumbe kifo kikisogea karibu hakuna hata mmoja anayekitaka, na uzee ghafla si mzigo tena. Maneno makali, na ukumbini bila shaka kuna walioguna kukubali. Pheres anajibu: wewe unafurahi kuuona mwanga wa jua, unadhani baba yako hafurahi? Muda wa kule chini, anasema, nauhesabu kuwa mrefu, na wa hapa ni mfupi, lakini ni mtamu.

Pheres si mtu mwema. Ni mbinafsi, na ulimi wake ni mchafu. Lakini swali lake halina jibu. Sisi wenyewe, tukisikia mtu wa miaka 85 amefariki, huwa tunasema ameshakula chumvi nyingi, kana kwamba alikuwa ameshashiba. Pheres hajashiba. Na mwanawe anayemwita mbinafsi ndiye aliyekubali mke afe ili yeye abaki. Wanapotazamana pale jenezani ni sura moja, na mzee ndiye pekee anayekiri.

Wapo wengine nitawapita haraka, usiku ni mfupi. Tiresias, mpiga ramli kipofu anayeongozwa na mtoto, huyo mnamjua. Anasema kweli, wafalme wanamtukana, kweli inatimia. Nampenda kidogo kuliko wengine, kwa sababu anajua mno. Mchungaji mzee katika Mfalme Edipode ananishika zaidi. Ni mtumwa. Zamani alikabidhiwa kitoto kichanga akakitupe mlimani, akakionea huruma, akampa mchungaji mwenzake. Miaka mingi baadaye mfalme anaagiza akamatwe, na anapogoma kusema, mfalme anaamuru apindwe mikono mgongoni. Anaomba asiteswe, yeye ni mzee. Anachotaka ni kimoja, kunyamaza, na amenyamaza umri wote kwa upendo. Mtoto aliyemwokoa ndiye anayeamuru apindwe mikono.

Na mfalme huyo, Oedipus, ndiye Edipode wa Mushi, aliyejitoboa macho alipogundua kwamba bila kujua alimuua baba yake na kumwoa mama yake, naye alikuja kuzeeka. Hapo ndipo penye uzito wote.

Mnakumbuka kitendawili alichokitegua ujanani mbele ya Sphinx, lile dubwana lenye kichwa cha mwanamke na mwili wa simba: kiumbe gani asubuhi ana miguu minne, mchana miwili, jioni mitatu? Kijana alijibu: ni binadamu. Alijibu akiwa kwenye miguu miwili. Sophocles alipoandika Oedipus huko Colonus alikuwa anakaribia umri wa miaka 90. Alifariki mwaka 406 KK, na mchezo ulipelekwa jukwaani mwaka 401 KK na mjukuu wake, aliyeitwa Sophocles kama babu. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba wana wa Sophocles walimpeleka mahakamani ili anyang'anywe usimamizi wa mali, wakidai akili imemruka. Mzee hakujitetea kwa hoja. Aliwasomea mahakimu mchezo huu aliokuwa ametoka kuuandika, kisha akawauliza kama hiyo ni kazi ya mtu aliyerukwa na akili. Wakamwachia. Cicero aliishi karne nyingi baadaye, na huenda hadithi hiyo ilitungwa. Lakini waliotunga waliujua mchezo, maana ndani yake kuna baba mzee na wana waliomtupa.

Maneno ya kwanza kabisa ya mchezo ni: "Mtoto wa mzee kipofu, Antigone, tumefika nchi gani?" Oedipus anatangatanga, anaomba chakula, anapata kidogo, anashukuru. Anasema mateso na muda mrefu vimemfundisha kuridhika. Colonus, nje kidogo ya Athens, ndipo alipozaliwa Sophocles, na mshairi wa karibu miaka 90 anawapa wazee wa korasi wimbo wa kupasifu nyumbani: ndege wa usiku waimbao kwenye vichaka vya kijani, maua yanayolowa umande, mizeituni ambayo hakuna adui aliyeimaliza. Kisha korasi hiyo hiyo inaimba wimbo mweusi kuliko yote, kwamba bora zaidi ni kutozaliwa kabisa, na kwamba mwisho wa yote unakuja uzee usio na nguvu, usio na wa kukaa naye, usio na rafiki. Wimbo wa mizeituni na wimbo huu vimetoka kwa mkono mmoja, katika mchezo mmoja. Msomi akija kuwaambia Sophocles aliuona uzee hivi, muulizeni ni katika wimbo upi.

Polynices, mwana wa Oedipus, anakuja kuomba baraka ya baba kwa ajili ya vita. Anamwona baba na kulia: nguo zake chafu, na uchafu huo wa kale umezeeka pamoja na mzee ubavuni mwake, nywele zinapeperushwa na upepo juu ya kichwa kisicho na macho, na kifuko kidogo cha chakula cha tumbo lake. Kile kifuko ndicho kinachoniumiza. Mnapaswa kujua kwamba Athens iliweka jambo hili kwenye sheria. Mtoto asiyemlisha mzazi mzee wala kumpa mahali pa kulala alishitakiwa, akapoteza haki za uraia. Na mtu aliyetaka kushika cheo aliulizwa kwanza kama anawatendea wema wazazi wake. Kwa hiyo kifuko kile mkononi mwa baba, mbele ya mwana mwenye jeshi, ukumbi mzima ulikisoma kama shitaka.

Tunasubiri mzee asamehe. Tumezoea hivyo, mzee wa methali angesamehe. Oedipus anamlaani. Anamwambia atakufa kwa mkono wa ndugu yake na kumuua ndugu huyo, na anamfukuza. Alituambia amefundishwa kuridhika, na hasira yake haijapoa hata kidogo. Kila nikilisoma pigo lile la maneno nashtuka upya. Sophocles hakumlainisha. Mtu wa miaka 90 ameandika mtu mzee mwenye hasira yote ya ujana wake, na saa hiyo hiyo miungu inamtaka mtu huyo, na nchi itakayopewa kaburi lake italindwa nalo.

Radi zinalia. Kipofu aliyeingia akishikwa mkono anasimama na kuwaambia waliokuwa wakimwongoza: nifuateni mimi, msiniguse. Anatangulia. Mjumbe anasimulia yaliyofuata: aliwakumbatia binti zake, akawaambia kwamba taabu yote waliyoipata kwake inafutwa na neno moja, kwamba hakuna aliyewapenda kumzidi yeye. Kisha kimya, na sauti ya mungu ikaita: "Wewe, Oedipus, mbona tunakawia kwenda? Umechelewesha mno." Sikilizeni kiambishi. Mungu anasema tunakawia. Mtu aliyefukuzwa kila kijiji anaitwa na mungu kwa "sisi". Walipogeuka kutazama, mzee hayupo; amebaki Theseus, mfalme wa Athens, peke yake, mkono umekinga macho.

Nilitaka kuishia hapo, na wengi wangeishia hapo. Lakini jioni hii tumeandaa kitu kingine.

Euripides aliwapa wazee kazi ambayo hakuna mwingine jukwaani anayeweza kuifanya. Katika mchezo wake wa Heracles, wazee wa korasi wanaimba kwamba ujana ndio wanaoupenda, na uzee ni mzigo mzito kuliko majabali ya mlima Etna juu ya kichwa. Sisi tunasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Wao wanaongeza kwamba miungu ingekuwa na busara ingewapa watu wema ujana wa pili. Wanaimba kwa furaha, kwani Heracles amerudi salama. Muda si mrefu Heracles anashikwa na wazimu na kuwaua wanawe na mkewe, kisha analala. Baba yake, Amphitryon, anawasihi wazee wenzake wapunguze sauti wasimwamshe. Akiamka, ni yeye atakayemwambia alichokifanya.

Kazi hiyo hiyo inamwangukia Cadmus katika Bacchae, mchezo wa mwisho mwisho wa Euripides, ulioonyeshwa baada ya kifo chake. Tunakutana naye mwanzoni akiwa na Tiresias, wote wawili wamevaa ngozi za mtoto wa paa na mashada ya majani, wanakwenda mlimani kumchezea ngoma Dionysus. Anasema hatachoka usiku wala mchana, amesahau kwa furaha kwamba ni mzee. Mjukuu wake Pentheus, mfalme kijana, anawaona na kuwadharau. Baadaye wanawake walioshikwa na wazimu wa mungu yule wanamrarua Pentheus mlimani, na mama yake mwenyewe, Agave, binti wa Cadmus, anarudi mjini amebeba kichwa anachodhani ni cha simba. Anajisifu. Anataka kiangikwe ukutani.

Cadmus ametoka kuokota vipande vya mjukuu wake msituni. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kukaa kimya, na binti yake angebaki na furaha yake ya uongo. Anamwambia: kwanza, tazama mbinguni. Anatazama. Je, ni kule kule, au kunaonekana kumebadilika? Anasema kumekuwa kweupe zaidi, kumetakata. Je, ule mtikisiko bado umo moyoni mwako? Sijui unasema nini, ila kama naanza kujirudia. Je, ukiulizwa unaweza kujibu? Uliolewa nyumba gani? Ya Echion. Ukazaa mtoto gani? Pentheus. Basi uso ulioushika mikononi ni wa nani? Wa simba, wenzangu wa mawindo walisema hivyo. Tazama vizuri, kutazama ni kazi ndogo.

Swali moja, jibu moja. Mzee anamvuta binti yake kutoka kwenye wazimu kama mtu anayemvusha mtoto mtoni, jiwe kwa jiwe, huku akijua ng'ambo kuna nini. Wasio na umri wa Cadmus wasingeweza. Wangetaka limalizike haraka.

Kisha anamlilia mjukuu. Anakumbuka alivyokuwa akimgusa kidevu na kumkumbatia, akimwita baba wa mama yangu, na kumuuliza: nani anakuonea, mzee? Nani anakuvunjia heshima? Nani anakusumbua moyo? Niambie, nimwadhibu. Hutanigusa tena kidevu, anasema. Hutaniuliza tena.

Kijana wetu atakayemwigiza Cadmus ana miaka 19. Wiki ya kwanza ya mazoezi alikuja na fimbo na kikohozi, tukaviweka pembeni. Nilimuuliza mzee huyu anataka nini, akafikiri siku tatu, akarudi na jibu: anataka binti yake atazame juu, na anataka asitazame chini, vyote kwa wakati mmoja. Sikuwa na la kumfundisha zaidi. Nimemwambia tu asikunje mgongo, asimame karibu naye, aiangalie mikono yake, na asubiri.

Naomba taa za ukumbi zipunguzwe.